Aliyezipa Sidii Sura

Kila nikimkumbuka namwona kwanza amesimama mlangoni mwa studio yake pale Omurushaka, ameshika sidii kwa kidole kimoja kilichopita katikati ya tundu. Jua la asubuhi linaigonga, nayo inarusha rangi za upinde wa mvua ukutani kwangu, juu ya redio zilizosubiri kutengenezwa. Yeye hazitazami rangi hizo. Ameigeuza sidii na anatazama upande wa juu, ule usiong'aa, kwa utulivu wa mtu anayesubiri mgeni atokeze kwenye ukungu.

Sote tulimwita Mama Studio. Alizaliwa mwaka gani na ukoo wake ni upi sijui, maana hakunieleza na mimi sikuuliza. Najua tu alitokea Muleba, alikuwa Mkatoliki, alifanya biashara kwa Kiswahili, aligombana kwa Kinyambo, na alisali kwa Kihaya. Mimi ni fundi redio. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na baraza letu lilikuwa moja. Moshi wa risasi yangu ya kulehemu ulipenya kwake, na kwaya zake zilipenya kwangu, hata nikajikuta naunganisha nyaya kwa mapigo ya nyimbo ambazo sikuwahi kuwaona waimbaji wake.

Alipiga picha za pasipoti kama studio zote. Lakini kilichomtoa nyumbani asubuhi kwa furaha kilikuwa kurekodi. Alirekodi harusi, kipaimara, misiba, na zaidi ya vyote kwaya za vigango vya huko vijijini. Alikuwa akirudi na vumbi la barabara kwenye nyusi, anakaa kwenye kompyuta siku nzima, anachoma nyimbo kwenye sidii, halafu ndipo inaanza kazi aliyoipenda kuliko zote. Aliiita kuipa sidii sura.

"Sauti nimeshaipata, fundi," alikuwa akiniambia kupitia mbao. "Sasa naitafutia sura."

Na sura hizo alizipata usingizini. Najua mtu wa mbali atacheka, lakini Omurushaka hakuna aliyecheka. Baada ya chakula cha mchana alijilaza kwenye mkeka nyuma ya pazia la kupigia picha, akavaa zile spika za masikioni, akaisikiliza kwaya hadi akasinzia. Alipoamka alikuwa na rangi. Aliniambia, macho bado mazito, kwamba kwaya fulani ni ya kijani, kijani cha mgomba mvua inapokatika, na kwamba pembeni pana kitu cheupe lakini hajakiona vizuri, itabidi alale tena kesho. Mteja alipofika kuulizia kazi yake, jibu lilikuwa moja.

"Bado sijaiota, waitu, ndugu yangu. Rudi kesho."

Waliotoka mbali walinuna. Wa karibu walikaa kwenye benchi letu, wakatazama malori ya ndizi yakipita, wakangoja aote.

Mwenyewe alijaa mambo yasiyopatana. Alizipenda kwaya kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na hakuweza kuimba hata mstari mmoja bila kutoka nje ya sauti. Alizipamba harusi za watu kwa maua ya kila namna, na pazia la mlango wake lilikuwa gunia la kahawa. Alisema taratibu, kwa sauti ya chini, mpaka mtu anaweka kidole kwenye upande unaong'aa wa sidii; hapo ungemsikia hadi stendi. "Kidole!" Bwana mmoja wa Kanoni, mkulima mwenye kahawa nyingi, aliruka kwa kelele hiyo hadi akamwaga chai.

Bwana huyo alikuwa na kisa chake. Alimwoza binti yake, akaja kudai picha yake yeye, baba, iwekwe juu ya sidii. Maharusi wawekwe kama nafasi itabaki. Mama Studio hakubishana. Alilala mchana wake, akaamka, akatengeneza stika ambayo maharusi walijaa katikati, na kule pembeni kabisa, kwenye ukingo, baba amesimama mdogo na kofia yake, kama mgeni anayechungulia mlangoni. Nilijua patawaka. Yule bwana aliitazama sana, akaanza kutabasamu. "Ni kweli," alisema, "ndivyo nilivyokuwa siku ile." Akachukua nakala kwa ndugu zake wote.

Nimesema stika. Miaka hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Alinunua karatasi za gundi kutoka Bukoba, akazichapa kwa printa yake, akazikata mduara, akazibandika juu ya sidii moja moja huku amebana pumzi. Zilikuwa nzuri. Hakuna studio Karagwe nzima iliyotoa sidii zenye sura kama zake, na alijua hivyo, na hakujisumbua kuficha kwamba anajua.

Kisha akaja mzee wa Ihembe.

Ilikuwa wakati kahawa imetoa maua, mji wote unanukia, na watu wanatembea polepole bila kujua kwa nini. Mzee alishuka kwenye pikipiki akiwa amepakata deki ya kuchezea sidii iliyofungwa kwa kitenge cha kike. Alikuja kwangu, si studio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii deki imemmeza mke wangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na sidii ya kwaya ya kigango chao, kazi ya jirani yangu, na niliona mara moja kilichotokea. Ndani ya deki kuna joto. Ukingo wa stika ulikuwa umelegea kwa joto hilo, ukainuka, sidii ilipozunguka ukanasa, vyote vikakwama. Nikaitoa kwa uangalifu, nikaiweka mezani, nikageuka kutafuta brashi ya kusafishia lenzi.

Mzee alitaka kunisaidia. Aliona karatasi imeinuka upande mmoja, akafikiri ndiyo yenye hatia, akaibandua yote kwa mkupuo.

Niliporudisha uso alikuwa ameiinua sidii usawa wa macho, ananitazama kupitia katikati yake. Niliyaona macho yake yote mawili.

"Fundi," aliuliza, "mbona naona upande wa pili?"

Watu wengi wanaamini wimbo unakaa chini, upande ule unaong'aa. Kwa sidii za namna ile wimbo unakaa juu, kwenye utando mwembamba wenye rangi ya fedha ulio chini ya stika tu. Mzee alikuwa ameibandua karatasi pamoja na utando. Mkononi mwake imebaki plastiki tupu, unaiona barabara, unaliona lori, unaiona mbingu.

Nilimweleza. Akaketi kwenye benchi na kuiweka ile plastiki magotini. Hakupaza sauti. Alianza kusimulia kana kwamba nimemuuliza. Mke wake, Ma Koleta, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kigangoni tangu ujana wao. Kisha akaugua koo, akapasuliwa, akapona, lakini sauti haikurudi. Sasa anasema kwa pumzi tu, na usipokuwa karibu humsikii. Sidii hiyo ilirekodiwa kabla ya ugonjwa.

"Jioni naiweka," alisema mzee. "Yeye anakaa jikoni. Hasemi nizime, wala hasemi niache. Lakini ndizi anazimenya polepole mpaka nyimbo ziishe."

Nilipoinua uso Mama Studio alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Alimwamkia mzee kwa Kihaya huku amepiga goti, akamwomba ile karatasi iliyobanduliwa. Akaigeuza. Mbele kulikuwa na maua aliyoyaota yeye, maua ya zambarau, nakumbuka. Nyuma ya maua ulikuwa utando wote wa fedha, umeng'ang'ania gundi, haukubakiza hata chembe.

"Wimbo uko huku?" aliniuliza. "Nyuma ya maua yangu?"

"Ulikuwa huko, mama."

"Na haurudi?"

"Haurudi."

Nakala ya asili Mama Studio hakuwa nayo. Kompyuta yake ya zamani ilipigwa na radi, kama vitu vingi vinavyopigwa na radi huku kwetu, na kila kilichokuwamo kilikwenda nayo. Alisimama kitambo akiwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Kisha akamwambia mzee, "Tata, nenda nyumbani. Nitaitafuta. Waimbaji wote walichukua nakala, sitakosa moja." Akafunga studio, akaning'iniza kofuli, akaniambia nichukue koti.

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayejua kuzisoma zikiugua."

Hivyo tukatoka. Siku zile zimebaki kichwani mwangu kama ndoto ambayo mtu anaiota akitembea. Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa mabondeni hata vilima vikaonekana kama vimewekwa juu ya pamba. Tuliingia kibanja baada ya kibanja, tukapita chini ya migomba inayodondosha maji, na kila nyumba tulikaribishwa, tukapewa viti, tukaulizwa habari za Omurushaka. Kisha Mama Studio anauliza kuhusu sidii ya kwaya, na mwenye nyumba anacheka kwanza, anakwenda chumbani, anakaa sana.

Huko Ihembe mmoja alituonesha sidii yake ikiwa chini ya chupa ya chai, stika imevimba kwa mvuke. Mwingine alikuwa ameipigilia msumari ukutani kwa sababu ya uzuri wake. Katika shamba moja la maharage tuliziona zimefungwa kwenye kamba, zinazunguka kwenye upepo mdogo, zinamulika huku na huku kufukuza ndege. Mama Studio aliingia katikati ya maharage, akazishika moja moja kuzituliza, akasoma majina. Ya kwaya ya Ma Koleta ilikuwamo. Niliiinua kwenye mwanga. Mvua na jua vilikuwa vimeimaliza, ina matundu kama jani lililoliwa na wadudu.

Mwenye shamba aliona aibu. "Ilikuwa imeanza kurukaruka, mama. Stika ilitoka upande, deki ikakataa. Nikasema angalau isaidie maharage."

"Kosa si lako," alimjibu. "Mimi ndiye niliyeivisha nguo iliyoiua."

Alisema hivyo kila nyumba. Nilimsihi aache, nikamwambia hakujua, na studio zote zinafanya hivyohivyo. Akaniambia nisimpunguzie kosa. Tulipofika Kanoni na kuikuta nyingine imepinda, alikaa njiani kwenye jiwe, akavua viatu, akainamisha kichwa. Nilidhani amechoka. Alikuwa anasinzia. Alipofumbua macho alisema, "Kuna yule aliyeimba sauti ya pili. Mrefu. Aliolewa Kyerwa."

Tulimkuta Kyerwa akianika kahawa mbele ya nyumba, mama mrefu kweli, wa makamo. Alimtambua Mama Studio kutoka mbali, na uso wake haukufurahi. Alitupa viti kwa adabu. Alipoulizwa kuhusu sidii akaingia ndani, akarudi nayo upesi, imefungwa kwenye kitambaa cheupe cha mezani.

"Hii hapa," alisema. "Uichukue tu uitazame. Wenzangu wote uliwapa za maua. Mimi nilifika mwisho, ukaniambia stika zimekwisha, ukaniandikia kwa kalamu kama daftari la shule. Nililia njia nzima. Hata mume wangu sikumwonesha mpaka mwaka ukapita."

Mama Studio aliifungua. Ilikuwa sidii tupu, rangi ya fedha tupu, na kuzunguka tundu, pale kwenye plastiki ambapo hakuna wimbo, maandishi yake madogo ya wino mweusi: jina la kigango na neno kwaya. Akanipa. Niliigeuza kwenye jua mara mbili tatu. Haikuwa na kitobo kwenye utando, haikuwa na mkunjo, kama imetoka kwenye boksi asubuhi ile.

"Nzima," nilisema.

Mama Studio alimshika yule mama mikono yote miwili. Alianza kucheka, kisha hakuwa anacheka tena. "Nisamehe, mwanangu," alisema, "na asante. Nisamehe na asante." Mwenye nyumba hakuelewa anaombwa nini na anashukuriwa nini, hadi nilipomweleza habari za Ihembe na koo la Ma Koleta. Hakuwa ameisikia habari hiyo. Aliketi chini kwenye mkeka wa kahawa, juu ya kahawa yenyewe.

Nilitaka tuiazime tukaitolee nakala. Alikataa kuiachia. Alisema itakwenda Ihembe kwenye mapaja yake, na tukimtaka anyamaze njiani tumwambie mapema.

Tulifika kwa mzee alasiri. Tulikuwa tumepitia kwanza Omurushaka, nikatoa nakala, nikaichukua na deki yake iliyokwisha kupona. Ma Koleta alitusalimu kwa kushika mikono yetu, midomo ikienda bila sauti. Alimkumbatia mwenzake wa kwaya, akamtazama sana, halafu akarudi jikoni kumalizia ndizi, maana wageni wamekuja. Mzee akaunganisha deki na betri ya sola. Alibonyeza, akakaa pembeni kabisa ya kiti kama mtu aliye ofisini.

Sauti ya Ma Koleta ilianza peke yake, bila kinanda. Sijui niielezeje. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anafungua madirisha ya nyumba, moja baada ya jingine, bila haraka. Ilipofika sehemu ya kujibu, kwaya ikaingia, na yule mama mrefu, aliyekuwa ameinama hadi wakati huo, akainua uso na kuimba sauti yake ya pili palepale sebuleni, akijibu pamoja na ujana wake mwenyewe uliokuwa ndani ya deki.

Jikoni kisu kilinyamaza. Ma Koleta akatokea mlangoni, kisu mkononi, maganda yamemganda vidoleni. Midomo yake ilikuwa inaimba. Hakuna kilichotoka, ila mkono wenye kisu ulikuwa unapiga mapigo hewani, taratibu zaidi ya wimbo, kama anayewazuia watu wasikimbie. Wimbo ulipokwisha alimwendea mwenzake, akainama sikioni kwake. Sisi wengine tulikuwa kimya hata tukamsikia.

"Mliingia haraka," alisema kwa pumzi yake. "Siku zote mliingia haraka."

Mzee alicheka hadi machozi, au alilia hadi akacheka. Mama Studio alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea mgomba, amefumba macho. Nikamwacha.

Baada ya hapo alizichukua karatasi zake zote za gundi, akazitoa kwa walimu wa shule ya msingi wakabandike majina kwenye madawati. Wateja walikuja kutaka maua, akawaandikia kwa kalamu kuzunguka tundu. Walilalamika. Mama mmoja wa bibi harusi alisimama barazani kwetu na kumwuliza kama binti yake ni mtoto wa kufikia mpaka apewe sidii uchi. Studio ya ng'ambo ya barabara iliendelea na stika, zenye mng'aro hasa, na watu wakavuka barabara. Benchi letu likabaki na nafasi. Jirani zetu walimsihi abandike tu, mbona deki nyingi hazina tatizo. Alijibu kwamba yeye ameiona moja ikionesha upande wa pili, na inatosha.

Hata hivyo hakuacha kuota. Hilo ndilo lililomtesa. Aliamka na rangi, na hana pa kuziweka. Alianza kutafuta. Alikwenda Bukoba kwa bwana mmoja anayechapa fulana, aliyesukuma wino kupitia kitambaa kilichokazwa kwenye fremu. Wakajaribu juu ya sidii, wino ukashika vizuri, haukubanduka hata kwa ukucha. Lakini kila rangi ilitaka fremu yake, na fremu haitengenezwi kwa ajili ya harusi moja. Akaiweka njia hiyo akilini kwa kwaya kubwa. Mtu mwingine alimpa sidii zinazojichora zenyewe kwa mwanga wa mashine. Unaigeuza, inachoma picha taratibu juu yake, bila wino. Alikaa akiitazama ikijichora kama anayetazama mwezi ukipanda. Ilipotoka ilikuwa na rangi ya majivu. "Msiba, sawa," alisema. "Bibi harusi nitampaje majivu?"

Mwisho alipata sidii zile zenye uso mweupe, zilizotengenezwa kunywa wino, zinazochapwa moja kwa moja kwenye printa yenye trei yake. Trei aliyoipata ilikuwa imevunjika sikio, nikalitengeneza kwa bati. Ya kwanza ilipotoka, ina njano na kijani na weupe wa maua ya kahawa, bila karatasi, bila gundi, alinipa niipime kwa kiganja. Ilikuwa nyepesi na sawa pande zote. Hakushangilia. Aliipeleka kwa mama mwenye nyumba wetu aliyekuwa akimenya ndizi, akamwomba aishike kwa mikono yake yenye utomvu, kama atakavyoishika nyumbani siku yoyote. Njano ikaingia kwenye kijani. Akaiacha nyingine barazani ukungu wa asubuhi uipitie. Maua yakachuruzika.

Tulikaa nazo magotini, zimechafuka. Niliona aibu kwa niaba yake.

"Iweke kwenye deki," aliniambia.

Niliiweka. Iliimba mwanzo hadi mwisho bila kukwaruza.

Alisikiliza huku anatikisa kichwa nje kabisa ya mapigo. "Basi nimechagua," alisema. "Uso ukiharibika, aje, nitamchorea mwingine. Sauti siwezi kumchorea."

Tangu siku hiyo kila aliyechukua sidii aliambiwa hivyo mlangoni: maji yasiiguse, na ikiguswa usilie, irudishe. Na walirudisha. Nyuma ya studio alikuwa na kamba, na sidii zilizotoka kwenye printa alizipitisha tundu kwa tundu, akiziachanisha kwa vibanio vya nguo, zikae hadi wino ukauke kabisa. Jua lilipozipiga uani kwetu paliwaka harusi za Karagwe na Kyerwa zote kwa pamoja, maharusi wanageuka polepole, wanatazamana, wanapeana mgongo, wanatazamana tena. Nimewahi kuacha redio ya mtu wazi mezani nikaenda tu kusimama pale.

Simu zilikuja, flashi zikaja, na studio nyingi zikawa maduka ya vocha. Yake ilizidi kupungua bila yeye kugombana na mtu. Macho yakaanza kumwisha, akahamia kwa binti yake Kyerwa, akaenda na printa. Nilimkosa kwa namna ambayo sikuitegemea. Ukuta wa mbao ulikuwa kimya na mimi nikawa naunganisha nyaya ovyo.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilikwenda Kyerwa kutengeneza spika za kanisa. Nilipomaliza nikaelekezwa nyumbani kwao. Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, amevaa gauni la sherehe, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa ameolewa wiki iliyopita na siku hiyo maharusi wanarudi kuwasalimu wazee. Alinitambua kwa hatua kabla sijatamka kitu.

"Fundi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa karibu, macho yangu ni moshi mtupu. Umekuja wakati mzuri." Akapapasa kandoni mwa kigoda, akainua bahasha, akatoa sidii kwa kupitisha kidole kwenye tundu. "Mjukuu alirekodiwa harusi yake kwa simu, mume wake akaichoma. Lakini sura nimeitoa mimi mwenyewe, jana, kwa printa yangu. Niliiota vizuri. Ni waridi, fundi, waridi inayofifia kwenda pembeni, na ndege wawili juu. Nimeisikia printa ikienda na kurudi. Nitazamie, ndege wametoka?"

Niliichukua. Ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na waridi wala ndege, hata doa. Wino ulikuwa umekwisha kwenye printa, labda umekauka siku nyingi, na mashine ilikwenda na kurudi juu yake bure.

Kutoka ndani nilisikia sufuria na vicheko vya wanawake. Binti yake alipita na sinia la glasi, akanitupia jicho, akatikisa kichwa kidogo sana, nikajua kwamba ndani ya nyumba ile wote wameiona, na wamekubaliana. Mama Studio alikuwa ameelekeza uso kwangu, anangoja, amefunga mikono juu ya magoti.

"Mama," nilisema, "ni nyeupe."

"Ndege ndio weupe?"

"Yote. Wino haukutoka."

Alinyosha mkono, nikamrudishia. Aliipapasa kwa kidole gumba, mzunguko mzima, polepole. Niliuona uso wake ukiondoka, ukaenda mahali, ukarudi.

"Wamesema ni nzuri," alisema. "Asubuhi nzima wananiambia ni nzuri."

"Wanakupenda."

"Najua." Akaigeuza sidii. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo, ile ninayowekea alama kwenye nyaya. Akanishikisha sidii, akanielekeza niandike karibu na tundu, herufi ndogo, nisibonyeze. Alinitajia jina la mjukuu, kisha la mume. Niliandika. Pikipiki mbili zilikuwa zinapanda kilima na vigelegele vikaanza ndani ya nyumba.

"Nisomee."

Nikamsomea majina yote mawili.

"Herufi ziko sawa? Hazikupanda juu ya wimbo?"

"Ziko sawa, mama."

Akaichukua, akaisogeza mdomoni, akaanza kuipuliza wino ukauke. Akaendelea kuipuliza hadi bibi harusi alipofika na kupiga magoti mbele yake.